Uzi: Warusi walilipeleka wapi "oko"? Neno la jicho lililoanza maisha kama gololi

Mchokonozi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Leo sina siasa wala mpira, nina neno moja tu la Kirusi limenikaa kichwani miaka mingi na leo nalitua hapa.

Nilienda Urusi kusoma, na mwaka wa kwanza kule mgeni anasomeshwa lugha tu. Sasa mimi kabla sijaondoka nikajifanya mjanja, nikaazima Biblia ya Kirusi kwa padri mmoja nikawa nalinganisha na ya kwetu mstari kwa mstari. Pale kwenye jicho kwa jicho, jino kwa jino, wao wameandika oko za oko, zub za zub. Nikanakili kwenye daftari, oko ni jicho, nikafunga. Basi baridi la kwanza likaja, jicho likavimba likawa jekundu kama nyanya, nikashuka chini kwa yule bibi anayekaa mlangoni mwa hosteli na rundo la funguo nikamwambia kwa kujiamini kabisa, oko mayo bolit, jicho langu linauma. Bibi akageuka akaangalia dirisha. Dirisha kwao ni okno, akajua nimeleta malalamiko ya dirisha la chumbani kupitisha baridi (na kweli lilikuwa linapitisha, tulikuwa tumeziba na magazeti). Nikamnyooshea kidole jicho lenyewe. Weee, alicheka yule mama mpaka akashikilia meza, "aaa, glaz! glaz bolit!", akaniambia kijana unaongea kama shemasi. Akaloweka majani ya chai akanifungia kwenye kitambaa nikakandie.

Tangu siku ile nikawa najiuliza, inakuwaje jicho lina jina moja kanisani na jina jingine mdomoni? Na ukiwaangalia majirani zake ndo unachoka. Mpolandi anasema oko, Mcheki oko, Mukreni oko, Mserbia oko, Mbulgaria oko, Mbelarusi voka. Ukienda kwa ndugu wa mbali, Kilatini oculus, Kilithuania akis, Kisanskriti akshi, Kijerumani Auge, wote wanatoka kwenye shina moja la maelfu ya miaka. Yaani ukoo mzima umelishika neno, Mrusi peke yake kaliweka kabatini kachukua glaz. Na jicho sio kitu cha kubadilisha jina hovyo jamani, sisi wenyewe angalia, jicho, Mganda eriiso, Mnyarwanda ijisho, Mkikuyu riitho, Mchewa diso, lile lile tu tangu mababu hawajaachana.

Jibu linaanzia mwaka 1114. Ngoja nipate chai nirudi.

Kete_Namba9

Nimekaa paleee 🪑 mleta mada usituache njiani kama wale wengine

mla_bamia

Uzi wa Kirusi tena, nilijua ni wa vita nikafungua mbio. Ila huyo bibi wa funguo nimempenda

Mchokonozi

Nimerudi. Twende kazi.

Kuna mji mdogo unaitwa Ladoga, sahivi wanauita Staraya Ladoga maana yake Ladoga ya Kale, upo kwenye mto Volkhov, kama kilomita 120 mashariki ya St Petersburg. Zamani hizo ilikuwa bandari haswa, watu wa Skandinavia wanashuka na mashua zao, ngozi za wanyama zinatoka kaskazini, fedha ya Waarabu inapanda kutoka kusini. Mwaka 1114 wanajenga ngome ya mawe pale, na mtu mmoja mwandishi wa tarehe za wakuu wa Kyiv akafika. Habari zake zipo kwenye kitabu cha kumbukumbu za kale za Rus (ile dola ya zamani ya Waslavi wa mashariki), kwenye ile nakala inayoitwa ya Ipatiev iliyoandikwa miaka ya 1420 hivi.

Anasema watu wa Ladoga walimwambia hivi, kwetu hapa likipita wingu kubwa la mvua watoto wetu huokota glazki steklyanyi, ndogo na kubwa, zimetobolewa, na nyingine huziokota kando ya Volkhov maji yakishazisafisha. Yeye mwenyewe akachukua zaidi ya mia moja, za kila namna.

Steklyanyi ni za kioo. Glazki ni glaz ndogo ndogo, nyingi. Sasa niambieni, watoto wa Ladoga walikuwa wanaokota macho? Zimetobolewa katikati, za kioo, za rangi tofauti tofauti. Ni SHANGA wakuu. Mafundi wa kuchimba mambo ya kale wamechimba Ladoga wamekuta shanga za kioo kibao za karne ya 8 mpaka ya 10, nyingine zimetoka mbali kabisa Mashariki ya Kati. Mvua ilikuwa inakula udongo zinaibuka, wenyeji wakajua zimedondoka na wingu.

Kwahiyo mwaka 1114 glaz ilikuwa ni kitu cha mviringo, kigumu, kinang'aa, kijiwe, gololi, ushanga. Jicho lenyewe bado linaitwa oko. Mpolandi mpaka leo ukimwambia głaz anaelewa jiwe kubwa la kando ya njia, jabali, sio jicho.

mtoto_wa_kilwa

Aisee umenikumbusha mbali. Sisi utotoni mvua kubwa ikipiga asubuhi yake tunaenda kwenye magofu kuokota shanga, zimejaa, nyekundu, njano, nyingine kijani za zamani zimepauka. Bibi yangu alikuwa anakataza anasema ni za watu waliokufa msiingize ndani. Hakuna aliyesema zimetoka mbinguni lakini

Mchokonozi

Ndo hivyo hivyo ndugu yangu, biashara ya bahari au ya mto ushanga lazima udondoke chini. Ila raha ya huyu mwandishi ni kwamba alishtuka. Watu wakamwona hajaamini, wakamwambia hiyo si kitu, wazee wetu walikwenda mpaka nchi za kaskazini kabisa huko wakaona wingu linadondosha kindi wachanga kama wamezaliwa sasa hivi, wanakua wanatawanyika, na wingu jingine linadondosha vitoto vya paa. Akataja na mashahidi, Pavel mkuu wa Ladoga na watu wa Ladoga wote. Alafu kwa anayebisha akasema asome vitabu vya historia, wakati wa kaisari Probus ilinyesha ngano imechanganyika na maji, wakati wa Aurelian zikadondoka chenga za fedha, na Afrika yakadondoka mawe matatu makubwa mno. Afrika yake ni ile ya Warumi huko kaskazini, ila na sisi tumo kwenye ushahidi humo 😂

Msema_Pweke

Mleta mada hapo kwenye kindi nimekufa 😂😂 kwahiyo hao ndo mashahidi wako wa etimolojia, yaani wa asili ya maneno, watu wanaoamini wingu linazaa kindi

Mchokonozi

Mkuu muongo wa kindi anaweza kuwa mkweli wa msamiati. Kashika kitu mkononi, zaidi ya mia moja, katuambia kinaitwaje. Mi kindi nimemwachia yeye.

FundiSaa

Naomba kubisha kidogo kwa heshima. Kuna shanga zina madoa ya duara, duara ndani ya duara, kabisa kama jicho linakuangalia, mpaka leo Waturuki na Wagiriki wanavaa kukinga husuda. Sasa wewe unajuaje kwamba hao watu wa Ladoga hawakuziita "vijicho" kwa sababu zilifanana na macho? Yaani glaz tayari ni jicho 1114, ushanga ndo ukapewa jina la jicho. Umegeuza mkokoteni mbele ya punda.

Mchokonozi

Hili ndo swali la maana kuliko yote na nashukuru limekuja mapema. Shanga za madoa ya macho zipo kweli, na Ladoga zimekutwa. Nina mambo matatu ya kukujibu, la kwanza lina nguvu, la pili lina nguvu zaidi, la tatu ni langu mwenyewe.

Maandishi ya zama zile yapo. Injili ya Ostromir, ambayo shemasi Grigori aliinakili mwaka 1056 na 1057 kwa ajili ya mkuu wa mji wa Novgorod, humo jicho ni oko. Utaniambia hiyo ni lugha ya kanisa, sawa, lakini hata maandishi ya kidunia yanaendelea na oko karne na karne, glaz kwa maana ya jicho inakuja kuonekana baadaye sana, mpaka karne ya 16 na 17 ndo unaona imeshika. Sasa kama lilikuwa jicho tangu 1114 lilijificha wapi miaka yote hiyo?

La pili ni huyo Mpolandi. Kwake głaz ni jiwe, na haijawahi kuwa jicho. Mtu na ndugu yake wakiwa na neno moja, mmoja analiita jiwe mwingine jicho, wa jicho yuko peke yake kwenye ukoo mzima na kaanza juzi, nani kahama? Wa jicho.

La tatu, angalia alisema zimetobolewa, ndogo na kubwa, za kila namna. Hakusema zina madoa. Angekuwa anaona macho angetuambia, maana huyu mtu ata kindi hakumuacha.

FundiSaa

La pili nakupa. La tatu hapana, kunyamaza kwa mtu sio ushahidi. Tuseme nusu nimekubali.

Mwl_Mstaafu

Mbona mnazunguka, si ni neno la Kijerumani tu, Glas, kioo, na Mwingereza nae anasema hivyo hivyo glasi ya maji. Wajerumani walikuwa wanafanya biashara Novgorod. Wamelichukua huko.

Mchokonozi

Shikamoo mwalimu. Hoja hii ni ya zamani na wakubwa wameigombania. Tacitus yule Mrumi anaandika kwamba watu wa pwani ya Baltiki kaharabu wanaiita glesum, hilo ni neno la Kijerumani cha kale kabisa, ndo ukoo wa Glas huo, kitu kinachong'aa. Wapo waliosema Waslavi walilikopa huko. Na wapo waliosema hapana, ni neno lao wenyewe, linafanana kwa undugu wa mbali tu. Ukifungua kamusi ya Max Vasmer ya asili ya maneno ya Kirusi utaikuta hoja yote hiyo. (Vasmer nae ana kisa chake, alizaliwa St Petersburg 1886, akawa profesa Berlin, Januari 1944 mabomu yakaunguza nyumba, maktaba na karatasi za miaka yote za hiyo kamusi zikateketea. Akaanza upya! Ikatoka kuanzia 1950 mpaka 1958. Mimi simu ikipotea na namba za watu nalala siku mbili.)

Lakini mwalimu kwa mtazamo wangu kioo hakikai vizuri, kwa sababu huyo mwandishi wetu alilazimika kusema glazki ZA KIOO. Kama glaz ingekuwa ni kioo chenyewe asingeongeza, ingekuwa kama kusema glasi ya kioo. Ina maana glaz ilikuwa umbo, kitu cha duara kigumu, na hizi za Ladoga bahati yake zilikuwa za kioo. Na kioo chao, steklo, ndo kimekopwa kweli kutoka kwa Wagothi, watu wa kale wa ukoo wa Kijerumani, kwao stikls ilikuwa kikombe cha kunywea.

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye "za kioo" umenibana. Endelea.

Coastarian254

Msee mi nauliza tu, hiyo safari kutoka jiwe hadi jicho ilifanyika aje? Watu waliamka tu siku moja wakaanza kuita macho mawe?

Mchokonozi

Kwa matusi ndugu yangu 😂 au tuseme kwa utani. Sisi hatusemi "huyo mtoto ana macho kama gololi"? "Kanitolea magololi"? Hatumwambii mtu "kodoa hayo magololi yako uangalie unapokanyaga"? Sasa piga picha hiyo kauli inatumika miaka mia mbili mitatu, kwanza wahuni, alafu vijana, alafu mama nae anamwambia mtoto, mwishowe yupo mtoto amezaliwa hajui kama kulikuwa na utani, yeye anajua hilo ndo jina. Warusi wa leo mtaani bado wanarudia mchezo ule ule, wana neno shary, mipira, kwa maana ya macho, mtu akikutolea macho katoa mipira.

Na oko lenyewe lilikuwa na kasoro, hapa nasema mimi. Lilikuwa neno gumu kulinyambua. Moja oko, "ya jicho" ni ochese, mawili ni ochi. Glaz inatembea kama maneno mengine yote, haina usumbufu. Mtoto atachukua lipi?

Coastarian254

Sisi huku twaita bano hizo gololi. Macho kama bano. Inaingia pia

Kete_Namba9

Wakuu hapa ndo nilikuwa nasubiri. KOMWE! Mtu mwenye paji la uso limetokeza tunamwita ana komwe, na komwe si ndo zile kete za bao, mbegu ngumu ya mkomwe, mviringo, inang'aa. Kiungo cha mwili kimepewa jina la kijiwe cha kuchezea! Sisi na Warusi ni damu moja

mtoto_wa_kilwa

Hahaha mshindi wa uzi kapatikana

FundiSaa

Taratibu kwanza. Kwenye kamusi kuna neno KOMO, komo la uso, paji lililochomoza. Lipo tangu zamani. Inawezekana kabisa watu walikuwa wanasema komo, likasikika komwe, alafu wacheza bao mkajidai ni lenu. Kete mmejitwalia hapo.

Kete_Namba9

Unaharibu sherehe

Mchokonozi

FundiSaa upo sahihi kushika breki, na ndo maana ya glaz kuwa kesi tamu, kule tuna mtu wa mwaka 1114 kakamatwa na shanga mkononi. Kwenye komwe hatuna mtu wa hivyo. Ila Kete usikate tamaa, hata kama lilianza na komo, anayelitamka leo kichwani anaona kete ya bao, na huko nako ni kuhama.

Alafu kwa vile umetaja paji la uso. Kirusi ni lob. Kale lilikuwa fuvu, sio paji. Pale Moscow, Uwanja Mwekundu, kuna jukwaa la mawe la mviringo linaitwa Lobnoye mesto, lipo kwenye maandishi tangu 1549, wageni wanaambiwa ni mahali pa kukatia watu vichwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kusomea amri za mfalme. Jina limetoka kwenye Injili, Golgotha, yaani Fuvu la Kichwa, mahali pa lob. Paji la uso lenyewe lilikuwa chelo, likabaki kanisani na kwenye mashairi pamoja na oko. Mdomo nao ulikuwa usta, sahivi ni rot, na rot kale ilikuwa ncha, pua ya mnyama anayefukua. Mserbia anayo mpaka leo, rt, kwake ni rasi, ile nchi inayochomoza baharini. Kidole kilikuwa perst, sahivi palets, ambalo lilikuwa kidole gumba peke yake, Mcheki na Mserbia bado ni gumba. Lakini pete imebaki persten, kastabini ya fundi cherehani napyorstok, maneno yalivaa vidole vya zamani hayakuvua.

Yaani uso mzima wa Mrusi umebadilishwa majina ya mtaani, yale ya heshima yakapelekwa kanisani. Ndo maana bibi aliniambia naongea kama shemasi.

mla_bamia

Kwahiyo oko limekufa kabisa? Na lile dirisha je

Mchokonozi

Halijafa, limejificha. Okno, dirisha, ni jicho la nyumba (Mwingereza nae dirisha lake kalitoa kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, vindauga, jicho la upepo. Sisi letu tulichukua kwa Waajemi, mlango mdogo, hatuna jicho pale). Miwani ni ochki, kutoka ochi. Kitu kilicho wazi kabisa ni ochevidno, kinachoonekana kwa macho. Hakuna aliyethubutu kuziita miwani kwa jina la glaz. Kwahiyo bibi yule alipogeuka kuangalia dirisha hakukosea sana, alikwenda nyumba ya jirani tu ya neno lile lile.

Abu_Muscat

Salaam alaykum kutoka Oman. Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Umesema kale "mawili ni ochi". Kiarabu nacho kina umoja, uwili, wingi, ayn moja, aynan mawili, uyun mengi. Na ayn ni jicho na chemchemi pia. Waslavi walikuwa na uwili kama sisi?

Mchokonozi

Wa alaykum salaam. Walikuwa nao kamili, na sehemu kama Slovenia bado wanao. Kirusi kimeupoteza, ila viungo vya mwili vinavyokuja viwili viwili ndo vimeuhifadhi, si unajua mtu hana macho matatu. Ochi, macho, na ushi, masikio, wingi wake wa ajabu ajabu huo ndo uwili wa kale umeganda.

Na hapa kuna kitu nilichelewa sana kukiona. Glaz ilipoingia kazini, wingi wake ulitakiwa uwe glazy, kama maneno ya kawaida. Haukuwa. Ukawa glaza, na hiyo a ya mwisho ni ya uwili, ile ile ya vitu viwili. Yaani gololi ilipokaa kwenye nafasi ya oko ikahesabiwa mbili mbili.

Abu_Muscat

Allah. Hapo umenimaliza.

Kete_Namba9

Na kete za bao la kujifunza mwanzoni kila shimo huwa mbili mbili. Nasema tu 🏃